Gari Langu na Kona ya Dakani

Kosa langu la kwanza nililifanya kabla sijakata hata bomba moja: nilipima upana wa mlango wa nyumba yetu mara saba, nisipime kona ya kichochoro kilicho nje yake.

Nilikuwa najenga gari la mbio la viti viwili katika ua wa nyumba ya mama, mji wa kale wa Lamu. Injini ilitoka kwenye pikipiki, ujuzi ulitoka kwenye simu. Kwa miaka miwili nilifunga mlango wa ua. Nakiri, niliona haya mtu kuona kazi isiyokamilika. Kila mshono niliouchomelea niliusugua kwa grenda mpaka ukawa laini kama sahani.

Siku ya kuitoa fremu, vijana wanne wa mtaani waliilaza ubavu, wakaipitisha mlangoni. Nikasema alhamdulillahi mapema mno. Mbele ya daka, ule ukumbi mdogo wa mawe wa mlangoni, kichochoro hukata kulia papo hapo. Fremu, ndefu kama watu wawili waliolala, haikukata. Pua iligonga ukuta wa jirani, mkia ukabaki dakani.

Mchukuzi mmoja alikuwa akingoja kupita. "Bwana, punda wangu hupita hapa na saruji mgongoni. Gari lako la mbio limeshindwa na punda!"

Wakacheka wote. Mimi niliisukuma tena fremu. Lisipopita, miaka yangu miwili ingebaki kuwa kamba ya kuanikia nguo.

Mama akamwita kaka yake, seremala wa vitanda. Mjomba hakuitazama kona. Alinitazama mimi.

"Kitanda cha harusi cha mamako kilipita ndia hii hii. Wadhani kilipita kizima?"

Nilijua jibu. Vitanda vyetu huingia vipande vipande, vikafungwa kwa kabari chumbani. Nimekikalia kitanda hicho tangu utotoni, na bado nilichomelea kila kitu, nisiweke hata bolti moja.

"Mjomba, nikiikata nitaiharibu."

"Basi iache hapa, tuwe twaruka kwenda msikitini."

Nikashika grenda, nikaikata katikati. Vijana walipoinua nusu ya nyuma, mshono mmoja uliachana wenyewe: ule wa chini ya kiti changu, niliojivunia kuliko yote. Nilikuwa nimeusugua mpaka chuma cha kuushikilia kikaisha.

Mjomba akapitisha kidole pale. "Wapendeza," akasema. "Lakini haukushika."

Niliketi kwenye baraza la daka. Ningeukalia mshono ule nikiwa kwenye mwendo. Hofu ya kuikata fremu ilinitoka yote, mahali pake pakaja kitu chepesi, karibu na kicheko.

Vipande viwili vilikata kona bila kugusa ukuta. Mchukuzi akapita na punda wake, akatuombea dua, kisha akatucheka tena. Huko Wiyoni, mtaa wa pembezoni mwa mji, kwenye uwanja, niliichomelea upya mishono yote nikaiacha na makovu yake, na nusu mbili tukaziunga kwa bolti nene. Gari linakwenda. Lina kelele, na usukani wake huvuta kushoto kidogo.

Sasa nikifanya kazi mlango wa ua huwa wazi, na mjomba hukagua kila mshono kabla sijashika grenda.