Mimbari ya Mwaloni Chini ya Hoteli

Athanas alikuwa fundi wa mbao katika hoteli moja mjini Doha, na tangu afike kutoka Kenya mwaka 2006 kazi yake ilikuwa bawaba, vitasa na miguu ya viti. Hakuna aliyewahi kumpa mbao ya kumsuuza moyo. Ndiyo maana makreti yalipofunguliwa katika mkahawa mpya wa chini, alisahau hata chai yake.

Yalitoka mabenchi ya kanisa, marefu, yamelika katikati kwa kukaliwa miaka na mikaka. Kisha mimbari: mwaloni mtupu, pembe nane, mizabibu imechongwa kila ubao, na ukingoni ndege mdogo akidonoa zabibu. Kanisa la kijiji fulani Uingereza lilikuwa limefungwa, vitu vyake vikauzwa. Athanas alipitisha kidole chini ya yule ndege, mahali ambapo muumini hangeona kamwe, akakuta manyoya yamechongwa hata huko.

"Dijei atasimama hapo," alisema Fabian, msimamizi wake, Mkenya mwenzake. "Toboa ubao wa nyuma tupitishe nyaya. Na hicho kibao cha kuwekea Biblia kikate, mashine haitoshi."

"Bosi, hii ni mimbari."

"Ni fanicha, Athanas. Imenunuliwa."

"Kwani wewe husali?"

"Nasali Ijumaa, siku yetu ya kanisa huku Doha. Leo ni Jumanne, na wageni wanakuja Alhamisi."

Athanas aliomba apewe hadi kesho. Akampigia simu Mama Damaris, mwenyekiti wa kamati ya kanisa lao, akamsihi waiombe hoteli iwaachie mimbari. Yeye angemtengenezea dijei meza nyingine. Alitarajia vigelegele.

"Tutaiweka wapi, ndugu yangu?" Mama Damaris aliuliza. "Ukumbi tunaosalia si wetu peke yetu. Saa yetu ikiisha, Wafilipino wako mlangoni. Kila kitu tunafunga, tunaondoka nacho."

"Lakini Mama, ungeiona..."

"Nakuamini. Tutaiweka wapi?"

Athanas aliaga, akaenda kutafuta msumeno.

Jumatano alikikata kibao cha Biblia. Mwaloni ule mkavu ulimaliza meno ya msumeno, akaulaani msumeno, akamlaani Fabian, akajilaani mwenyewe. Jioni alikifunga kile kibao ndani ya koti aende nacho Najma, alikopanga chumba. Askari wa lango akamzuia: mali ya hoteli haitoki bila karatasi. Fabian hakupokea simu. Kibao kikatupwa kwenye pipa la takataka mbele ya macho yake.

Mwaka uliofuata mkahawa ukageuzwa kuwa wa nyama choma. Mimbari ikateremshwa kwenye maegesho ya chini, ikawekwa chini ya bomba la kiyoyozi linalovuja. Athanas aliomba turubai mara mbili. Hakuletewa.

Mama Damaris ndiye aliyempigia safari hii. Kanisa lilitaka mimbari ya plaiwudi, ya kukunjika, inayoingia kwenye buti ya gari. Aliitengeneza. Mama Damaris akainyanyua kwa mkono mmoja, akacheka kwa furaha.

"Nyepesi kweli, ndugu Athanas!"

"Ni plaiwudi, Mama," akajibu, akaenda kunawa gundi mikononi.