Siku Kumi za Jaribu

Mwanangu, nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi, hapa hapa Annexe, pembeni mwa mji, nilipotazama damu ya jirani yangu ikidondoka kwenye nguo aliyonishonea mwenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na mbwa aliyemuuma alikuwa wangu. Mfunge kwanza huyo wako, halafu vuta kiti ukae karibu, maana habari hii ni yako na ni yake pia.

Najua bado umenuna. Jumamosi kwenye mkutano wa avenue, mtaa wetu huu, walikusema mbele ya watu kwa sababu ya mbwa uliyemleta kutoka Kasumbalesa kule mpakani, huyu mwenye kichwa kama sufuria ya bukari, ugali wetu. Wengine walitaka aina hiyo ipigwe marufuku kabisa, eti ukali uko kwenye damu yake. Wewe ukasimama ukapaza sauti kwamba hakuna mbwa mbaya, kuna wenye mbwa wabaya tu. Mimi nilinyamaza, na unajua kunyamaza si kazi yangu. Nilinyamaza kwa kuwa nilisikia sauti yangu ya zamani ndani ya sauti yako, nikaona haya.

Siku zile nilifuga kuku kwenye parcelle, kiwanja cha baba yangu. Yeye alikuwa mtu wa reli, akastaafu, akarudi kijijini kwake Lukafu kulima, akaniachia uwanja na banda. Wezi wakanizoea kama shangazi yao. Basi dereva mmoja wa lori akaniletea mtoto wa mbwa wa aina ya berger, wale wakubwa wa ulinzi, miguu minene, masikio bado hayajasimama. Pitbull kama huyu wako hatukumjua wakati ule, berger ndiye aliyewakimbiza watu. Kila aliyepita akanipa shauri lake, na mimi, kwa ujinga wangu, nikayafuata yote. Usimwache acheze na watu, atawazoea. Mfunge kutwa, hasira itampanda. Mtilie pilipili kwenye chakula, moyo uwe wa moto. Nikamwita Jaribu, ili nikimwita kwa sauti kila mpita njia ajue naye anaambiwa: jaribu uone.

Alikua, mwanangu. Alikua mpaka mimi mwenyewe nikawa namwogopa kidogo, ila sikumwambia mtu. Nilimfunga kwa mnyororo karibu na kichuguu ambacho nusu yake ilikwisha kuchimbwa kwa kufyatua matofali. Kwa kuzunguka huko kutwa kucha alichora duara kwenye udongo mwekundu, jani halikuota humo hata moja. Wanaume wazima walikuwa wakivuka barabara wakifika mbele ya mlango wangu. Nisikudanganye, ilinifurahisha. Msichana mwembamba kama mimi, na wanaume wanavuka barabara!

Mchana ule nilisikia kuku wanapiga kelele, nikamfungua Jaribu. Alizunguka banda, hakuona mtu, labda alikuwa mwewe tu. Hapo ndipo nilipokosea. Nilipaswa kumfunga tena, lakini nilipenda kumtazama akikimbia, nikamwacha, nikaenda nyuma ya nyumba kufua. Mlango wa barabarani ulikuwa umerudishwa tu, komeo sikulisukuma.

Mama Mwewa, mshonaji wa parcelle ya jirani, alikuwa na cherehani ya kuzungusha kwa mkono, na wanawake wa avenue nzima walivaa kazi yake. Siku hiyo alimaliza nguo yangu, akaileta mwenyewe. Nilimsikia akiita.

"Hodi! Honorine! Nguo yako imeisha!"

Kisha nikasikia kilio ambacho sijakisahau hadi leo.

Nilipofika mbele alikuwa ameketi chini, mkono wake wa kuume, ule wa kuzungushia cherehani, umefungwa ndani ya nguo yangu mpya. Jaribu hakuwa juu yake tena. Alikuwa amerudi mwenyewe kwenye duara lake, amelala katikati, bila mnyororo shingoni. Majirani wakaingia na majembe na mapanga, wakamzunguka, naye hakusimama. Nilikuwa nimemfundisha kwamba dunia yake inaishia pale, naye aliamini.

"Munyororo ilikatika!" nikapiga kelele. "Ilikatika yenyewe!"

Uongo ule ulitoka upesi kuliko hata pole niliyopaswa kumwambia Mama Mwewa.

Wakati watu wanabishana nani apige kwanza, akaingia Papa Ilunga, infirmier mzee, muuguzi aliyekwisha kustaafu. Hakumtazama mbwa. Aliomba sabuni na maji mengi, akaketi chini kwenye vumbi pamoja na suruali yake iliyopigwa pasi, akaanza kuosha kile kidonda. Aliosha, akaosha, mpaka nikadhani amesahau kwamba kuna watu wanangoja. Kisha akamtafutia mama baiskeli ya kumpeleka hospitali apigwe sindano siku ile ile. Ndipo akawageukia wenye majembe.

"Sasa munataka kufanya nini?"

"Tumuue, Papa! Kesho ataluma mutoto!"

"Mukimuua sasa, nani atatuambia kama iko na rage? Ule mama njo atatuambia, siku yenye ataanza kuogopa maji. Munataka tungojee vile?"

Majembe yakashuka. Kila mtu pale alikuwa amewahi kusikia namna mgonjwa wa kichaa cha mbwa anavyokufa.

"Dawa haiko mingi ku hospitali. Ameenda kupata sindano ya kwanza, zile zingine hatujue zitakuya siku gani. Hii mbwa tunaifunga, tunaiangaria siku kumi. Siku ya kumi ikiwa muzima, basi haikukuwa na bugonjwa siku yenye ilimuluma."

"Na nani ataiangaria?"

Papa Ilunga akainama, akaokota mnyororo wangu. Aliupitisha vidoleni pete moja baada ya nyingine, polepole, mpaka kwenye ndoano, na ndoano ilikuwa nzima, imefunguliwa tu. Akanitazama. Nikangoja aseme. Akanipa mnyororo mkononi.

"Honorine njo ataiangaria. Utakaa na kiti inje ya ule mustari, asubui mpaka jua ishuke. Usimuguse. Maji unasukuma na fimbo. Na pilipili, basi, usimupe tena."

Nilimfunga Jaribu. Hofu ya meno yake ilikuwa ndogo. Niliyemwogopa zaidi ni yule mzee, ambaye angeweza kunivua nguo mbele ya avenue nzima kwa neno moja, akaliweka neno lake mfukoni.

Basi nikakaa. Siku ya kwanza nilikaa kwa hasira, ya pili kwa uchovu. Siku ya tatu nikaanza kuona, na mwanangu, kuona ni kazi. Niliona kwamba watoto wakienda shule walikuwa wanapitisha fimbo kwenye bati za ua wangu, krrr, kila asubuhi, na wakirudi vilevile. Niliona mtu mzima, aliyekuwa ananisalimu vizuri kanisani, akirusha jiwe juu ya ua bila hata kutazama linakoangukia. Niliona kopo la maji likipinduliwa na mnyororo kabla jua halijafika utosini, nikaelewa kwamba siku zote alikuwa akikaa na kiu hadi jioni. Niliona nzi wametafuna ncha za masikio yake. Nilikuwa na mbwa yule tangu akiwa mdogo, nikamlisha kila siku, wala sikuwa nimemtazama. Nililia pale kwenye kiti, sikujali nani ananiona.

Na huko nje mambo yakageuka ajabu. Watu wale wale waliokuja na majembe, kila asubuhi walisimama kwenye ua wakiulizia hali ya mbwa.

"Ameamuka?"

"Ameamuka."

"Amekula?"

"Amekula yote."

"Mungu asifiwe!"

Siku ya tano hakula. Ilikuwa joto tu, lakini habari ikafika mwisho wa avenue kabla sijasimama kitini. Wanawake walisali rozari mbele ya mlango wangu, kwa ajili ya Mama Mwewa bila shaka, ila katikati nilisikia mmoja akiomba Jaribu apate hamu ya chakula. Ningecheka kama nisingekuwa naogopa kiasi kile. Mama Mwewa mwenyewe alikuwa kwake na mkono uliofungwa, akingoja. Sindano ya pili ilikuwa haijafika. Uhai wake ulikuwa umelala mbele yangu kwenye udongo mwekundu, unahema, na mimi ndiye niliyeulisha pilipili.

Jioni Jaribu akasimama. Akatembea mpaka mnyororo ukakaza, kwenye ukingo kabisa wa duara, upande niliokaa. Akajilaza pale, kidevu juu ya mstari, macho kwangu. Mbwa ambaye wanaume walivuka barabara kwa kumwogopa. Hakubweka. Mkia ukapiga vumbi mara moja. Niliwahi kuona mashimo ya mgodi yanayomeza malori, niliwahi kuona radi ikipasua nguzo ya umeme, lakini sijawahi kushangaa kama nilivyoshangaa mbele ya mkia ule. Baada ya yote niliyomtendea, bado alikuwa anataka kukaa karibu nami.

Kisha akala.

Siku ya kumi parcelle ilijaa watu. Mama Mwewa alikuja akitembea polepole, akasimama mlangoni. Jaribu alisimama, akajikung'uta vumbi, akanywa maji mengi mbele ya macho yetu sote. Mama akaanza kulia.

"Iko muzima! Yesu, iko muzima!"

Avenue nzima ikapiga vigelegele kwa mbwa waliyetaka kumuua. Mimi nikainuka kitini, nikasema.

"Munyororo haikukatika. Miye njo nilimufungua. Na mulango sikufunga."

Vigelegele vikazimika. Nilimtazama Papa Ilunga.

"Niliona tangu siku ya kwanza, mutoto," akasema. "Siku kumi nilikuwa naangaria babili, mbwa na we."

Mama Mwewa akanigeukia. Nilitamani anitukane. Akainua ule mkono uliofungwa, akauangalia, akaniangalia mimi.

"Kesho asubui unakuya ku nyumba. We njo utakuwa mukono yangu."

Nilienda. Nilizungusha cherehani ile kiangazi chote na mvua zote, yeye akiongoza kitambaa kwa mkono wa kushoto na kunigombeza nikienda mbio. Kidonda kilipona, lakini kidole chake cha shahada hakikukunjika tena. Akitaka kuchukua pini alitumia vidole vingine, na kile kilibaki kimenyooka hewani, kana kwamba kinamwonyesha mtu. Kila mara nilijua kinamwonyesha nani.

Jaribu nilimpiga chanjo, nikaziba ua, nikautupa mnyororo, nikawa naye mpaka akazeeka. Hakugeuka kondoo, usije ukadhani. Mgeni akija nilimfungia Jaribu kwenye kibanda chake kwanza, mpaka siku yake ya mwisho. Nilikuwa nimemharibu, na lililoharibika hulindwa.

Sasa nikuambie neno langu. Jumamosi ile mlikuwa mnarushiana nusu nusu za ukweli. Kweli, ukali wa mbwa mara nyingi unatoka kwa mwenyewe. Lakini usiniambie aina si kitu, mwanangu. Ningekuwa na kimbwa kidogo, Mama Mwewa angepaka dawa akaendelea kushona. Kadiri taya linavyokuwa kubwa, ndivyo kosa lako dogo linavyokuwa kubwa, na wewe utakosea, maana wewe ni damu yangu. Mpeleke achanjwe wiki hii, usiniambie wiki ijayo. Mtembeze asubuhi, azoee watu tangu sasa, na kamba iwe mkononi mwako, asiongozwe na mtoto. Sukuma komeo, halafu rudi ulisukume tena. Kaa naye kimya siku moja nzima, uone anachokiona. Na kama siku moja akiuma, Mungu apishe mbali, kimbilia sabuni na maji kwanza, hospitali siku ile ile, kisha sema kweli kabla hujatafuta cha kusingizia. Ukiona yote hayo ni mengi, mrudishe Kasumbalesa kesho, sitakuita mwoga.

Jumamosi ijayo nenda ukawaambie watu wa avenue hivyo. Mimi nitakuja, nitaketi mbele, na nitavaa ile nguo. Doa lake halikutoka, nami sikutaka litoke.

Mungu akupe mkono mpole na jicho linaloona, mwanangu. Alinde nyumba yako na mnyama wako. Na kila atakayepita mbele ya mlango wako afike kwake na vidole vyake vyote kumi vinavyokunjika.