Krismasi Jiko Haliwashwi

Saa moja asubuhi, siku ya Krismasi. Mpishi wa kituo cha kulelea watoto amekaa kwenye kigoda jikoni, mikono mapajani, na jiko halina hata cheche. Sufuria tatu kubwa zimeoshwa na kufunikwa. Nje ya mlango kuna watoto arobaini na sita waliovaa nguo zilizopigwa pasi jana, na hakuna aliyetia kitu tumboni tangu jana jioni.

Si kwamba hakuna chakula. Stoo kuna magunia matatu ya unga, na ufunguo uko mfukoni mwa aproni yake. Ila leo amekatazwa kupika.

"Wageni wanataka kuwaona wakila," anasema. "Mtoto aliyeshiba hali vizuri mbele za watu. Basi tunangoja."

Watoto wanamwita Mama Sufuria. Ana miaka hamsini na minne, na hii ni Krismasi yake ya kumi na mbili katika jiko hili. Ndugu zake hukutana kila mwaka nyumbani kwa mama yao, wakachinja, wakapiga soga mpaka jioni. Yeye hupigiwa simu. Mdogo wake humtania kwamba kwenye ukoo amebaki jina tu. Mshahara wake unaishia kwenye kodi ya chumba kimoja na dawa za presha za mama huyohuyo ambaye hamwoni sikukuu.

Mwandishi wa makala haya alitumwa kuleta habari ya furaha. Mhariri aliagiza tabasamu, tena la mtoto mdogo ikiwezekana. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini nadhani wao walimaanisha mgeni anayefika kwa wakati.

Katazo la kuwasha jiko lilianza kwa kosa, na Mama Sufuria anasema kosa ni lake.

Krismasi iliyopita aliamka alfajiri akapika uji mzito, wa maziwa na sukari. Watoto walikuwa wamelala na njaa, roho ikamuuma. Saa nne wafanyakazi wa kampuni moja wakaingia na wali, nyama na soda, kama walivyofanya miaka mitano mfululizo. Watoto wakala vijiko viwili vitatu, wakaanza kurushiana wali. Mgeni mmoja akasema hadharani kwamba hawa wameshiba, wenye shida wako kwingine.

Kampuni hiyo ndiyo iliyokuwa ikileta unga kila mwezi, mwaka mzima. Baada ya siku ile haukuja tena.

"Niliwapa uji," anasema. "Nimepika maisha yangu yote, sijawahi kuunguza sufuria. Halafu naharibu kwa uji mtamu."

Tangu hapo kituo kimeishi kwa kuokoteza. Unga uliopo utatosha hadi tarehe tisa Januari. Msimamizi wa kituo, bwana mpole anayeongea huku akiangalia viatu vyake, ameshaandika orodha ya watoto kumi na tisa wenye ndugu popote pale. Kampuni ileile imekubali kuja tena leo; unga wa mwaka usipopatikana, watarudishwa kwa ndugu hao tarehe kumi.

"Sitaki," msimamizi anasema. "Lakini ishirini na saba naweza kuwalisha. Arobaini na sita siwezi."

Jina la saba kwenye orodha ni la msichana wa miaka sita wanayemwita Kijiko, kwa sababu hakuna mwiko unaooshwa hapa kabla yeye hajaulamba. Aliletwa akiwa hajajua kutembea. Ana mjomba mwenye watoto watano, ambaye hajawahi kuja kumwona hata siku moja. Mama Sufuria aliomba akae naye. Akaambiwa sheria hairuhusu mfanyakazi kuchukua mtoto wa kituo.

Saa nne inafika, wageni hawajafika. Saa tano, hakuna gari. Saa sita watoto wakubwa wameacha kucheza, wamekaa ukutani kivulini. Kijiko anaingia jikoni, anafunua sufuria ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Mama, wageni wamepotea njia?"

"Wageni wakubwa hawapotei, mama. Wanachelewa."

"Nikinywa maji nitaharibu?"

"Maji kunywa."

Mtoto anakunywa vikombe viwili. Mama Sufuria anageuka ukutani, anajifanya anapanga sahani. Mkono unaingia mfukoni kwenye ufunguo, unatoka. Unaingia tena. Anasema hajawahi kujichukia kama saa hiyo.

Magari matatu yanaingia saa nane na nusu. Wageni wanashuka wamevaa fulana nyekundu zinazofanana, wachangamfu, watu wazuri kwa kweli. Wanaomba radhi, wanasema kulikuwa na foleni kwa muuza keki. Sinia zinafunguliwa, harufu inajaa uani, na watoto wanakula kwa mikono miwili bila kuinua macho. Hakuna anayerusha wali mwaka huu.

Simu zinapiga picha. Mama mmoja katika wageni anafuta machozi. "Hawa ndio wanaostahili," anamwambia mwenzake.

Mama Sufuria anasimama mlangoni, amemshika msimamizi mkono bila kujua. Anasubiri neno moja tu.

Kiongozi wa msafara anapanda kwenye ngazi, anashukuru, anatakia kila mtu heri. Kisha anatangaza kwamba kampuni imebadilisha utaratibu. Misaada midogomidogo ya kila mwezi haionekani, anasema, kwa hiyo kuanzia mwaka huu bajeti yote itatumika kwenye siku moja kubwa. Ndiyo maana safari hii keki ni ya ghorofa nne. Mwakani itakuwa ya sita.

Watu wanapiga makofi. Msimamizi naye anapiga, afanyeje.

Ningependa kuandika kwamba mtu alisimama akasema ukweli. Hakuna aliyesema. Mwandishi huyu naye alikuwa na kipande cha keki mkononi.

Magari yanaondoka saa kumi. Saa kumi na moja watoto wanaanza kutapika. Tumbo lililokaa tupu kutwa halihimili nyama ya mafuta na soda. Mama Sufuria anapita na ndoo, anashika vipaji vya nyuso, anapangusa midomo. Kijiko anatapika hadi keki, kisha analia kwa sababu ya ile keki.

"Angalau wao walimwona akila," Mama Sufuria anasema. Hatabasamu.

Jua likielekea kuzama, uani kumeshadekiwa. Anaulizwa ana mpango gani sasa. Anakaa kwenye ngazi, anavua aproni.

"Kijiko nitampeleka mwenyewe kwa mjomba wake. Nimeomba ruhusa ya siku moja. Nitabeba mkate mkubwa, nikifika niukate, niwagawie wale watoto watano. Mimi mpishi, mwanangu. Mtoto akila mkate huku anaongea, akibakiza ganda, nitajua nyumba ile wanakula. Nitarudi nimetulia."

Na wakiunyakua?

Anaikunja aproni mara mbili, mara nne, mpaka haikunjiki tena.

"Kipande kikubwa nitampa Kijiko," anasema. "Halafu nitamwacha. Sina pengine pa kumpeleka."