Mgomba wa Mwalimu Thadeus

Mwalimu Thadeus alitufundisha lugha huko Nyaramba, na kwenye tashbihi hakuwa na mchezo. Mwaka wa 1968 alitutafsiria mchezo wa kale wa mapenzi, wa wapendanao wanaoishia kaburini. Kijana alipomfananisha mpenzi wake na bahari, Thadeus alifuta ubao kwa kiganja. Nani kati yetu ameiona bahari? Tashbihi, alisema, haibebi huzuni wala furaha ikiwa msikilizaji hakijui kile anachofananishiwa. Basi tukaweka ukungu wa asubuhi na mche wa chai, na kijana alipofiwa tukamfanya alie kama ng'ombe aliyenyang'anywa ndama.

Wapendanao waliigizwa na walimu: yeye mwenyewe na Nyanchera, mwalimu wa ushonaji. Kwamba alimpenda tulijua sote, hata mpishi. Ambaye hakuwa ameambiwa ni Nyanchera tu, na tayari mwenye duka mmoja wa Ekerenyo alikuwa ametuma wazee kwao kumposa.

Siku ya mazoezi ya mwisho, Thadeus aliyaacha maneno tuliyoyazoea. Alimtazama Nyanchera, akasema, "Moyo wangu kwako ni kama mgomba."

Nyanchera akauliza taratibu, "Mgomba si huzaa mara moja, ukakatwa?"

Tukaangua kicheko, wajinga sisi. Mtu aliyeweza kueleza tashbihi moja kipindi kizima alisema tuendelee na onyesho la pili. Mwaka haukuisha kabla Nyanchera hajaolewa Ekerenyo.

Thadeus hakuoa. Alifundisha, akapanda chai, na akawa mkali kwa mwanafunzi yeyote aliyeacha sentensi nusu. Wenzangu walimcheka kwa hilo. Mimi liliniuma, na linaniuma hadi leo.

Mama yake Thadeus alipofariki mwaka wa 1977, Nyanchera alikuja mazishini na mumewe. Nilikuwa nyuma ya jiko nikikata majani ya kuandalia chakula. Yeye na Thadeus walisimama karibu nami, mbele ya mgomba wa marehemu. Shina la zamani lilikuwa limekatwa, machipukizi yamelizunguka, na moja limeshabeba mkungu.

"Mwalimu," Nyanchera akasema, "siku ile ulimaanisha haya machipukizi?"

"Ndiyo, Mama Josiah. Mama yangu aliupanda alipoolewa. Haujawahi kutoka hapa."

"Nilikuuliza nikitaka unieleze. Wale wazee tulikuwa hatujawajibu."

Mumewe akamwita kutoka uani. Nyanchera alijifuta uso kwa leso, akachukua majani mikononi mwangu, akaenda kuandaa chakula.

Ndipo Thadeus akaanza kueleza. Alieleza shina, akaeleza machipukizi, polepole, kama alivyozoea darasani. Aliyebaki kumsikiliza ni mimi.