Onja Kwanza, Mreno

Kila babu yangu alipompelekea chakula jirani yake, mzee mchongaji vinyago, lazima aambiwe: "Onja kwanza, Mreno." Babu anachota, anameza, ndipo yule mzee naye anakula. Pale Mwananyamala watu walichukulia ni utani wao. Mie ulikuwa unanichoma.

Siku moja uzalendo ukanishinda. "Babu, huyu mzee anakudharau. Pilau nimepika mie kwa mikono yangu, sumu itoke wapi?"

Babu akacheka, kisha akanisimulia. Ujanani alivuka Ruvuma kutafuta kazi Msumbiji, akaishia kuvishwa gwanda la Wareno. Siku walipoamriwa kuchoma kijiji, yeye na wenzake wawili, wote wa kutoka huku kwetu, walitoroka na bunduki zao wakaenda kujisalimisha kwa wapigania uhuru. Aliyewapokea alikuwa huyuhuyu mchongaji. Hakuwaua, lakini hakuwaamini. Akawapa kazi ya kupika, na kila chungu waonje wao kwanza. Wakapigana upande wake mpaka mwisho. Wale wawili walizikwa hukohuko. Babu na mchongaji wakaja Dar pamoja.

"Na mpaka leo hakuamini?" nikamuuliza.

"Sijui, mjukuu wangu. Kumuuliza naogopa. Ila ningependa kujua kabla hatujafa."

Kumbe unaweza kulala nyumba moja na mtu miaka yote na usijue ni mtu wa namna gani. Mie jirani akiazima ndoo asirudishe, simsemeshi mwezi mzima. Babu alikuwa ameonja miaka hamsini na hajanuna hata siku moja.

Mwaka jana mchongaji akalazwa. Babu alikataa nimsaidie kupika. Uji wa ulezi akaupika mwenyewe, akautia kwenye chupa ya chai, tukaenda. Wodini nikatoa shikamoo, mgonjwa akaitikia kwa kope. Babu akamimina uji, akachota kijiko, akakipeleka mdomoni mwake mwenyewe kama kawaida.

Mzee akamshika mkono.

"Lete hivyohivyo, ndugu yangu," akasema.

Babu, aliyewatoroka Wareno na bunduki yao, alikigeuza kijiko kwa pupa mpaka uji ukamwagika shukani. Mzee akawa anamngoja, mdomo wazi.