Mtani Niliyemfukuza Msibani

Kabla sijaifuta, albamu yangu ya msiba ilikuwa na nyimbo saba, na zote saba zilikuwa uongo mtupu. Nilizirekodi Kariakoo, chumba cha juu ya duka la vitenge, mtu mzima nimevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, eti namwomboleza baba. Prodyuza, mtoto wa mjini asiyejua hata kaburi linachimbwa vipi, alikuwa ananiambia niongeze kwikwi kidogo kwenye kiitikio. Nami, bila haya, naongeza.

Wimbo wa nane ndio uligoma. Ulikuwa wa kumuaga baba, nimwache aende zake na mimi nipumzike. Niliuimba wiki mbili. Sauti inatoka, lakini hamna kitu. Baba mdogo alikuja kusikiliza, akasema kilichokwama si wimbo, ni msiba wenyewe. Akanikumbusha nilichofanya Magomeni siku ya mazishi, ambacho ukoo mzima ulikuwa unakisema chinichini.

Sisi ni Wangoni, watani wetu Wahehe. Mtani akifika msibani ana ruhusa ya kumwigiza marehemu, kumcheka, hata kumsema vibaya, na wafiwa hamruhusiwi kununa. Siku ile alikuja mama mmoja wa Kihehe, mama lishe ambaye baba alikuwa anakula kwake kila Jumapili. Akavaa kofia ya baba, akaanza kukohoa kama baba. Watu wakacheka. Mimi sasa, msanii bwana, nina wageni wangu wa maana kutoka Posta, nikamshika mkono nikamtoa nje. Mama mtu mzima! Baba mdogo alinionya palepale kwamba mtani hafukuzwi. Nikamwona mshamba. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Basi nikaenda kwa yule mama, nikamwamkia shikamoo, nikaomba radhi. Aliitikia marahaba huku anakatakata vitunguu, akanicheka mpaka akaweka kisu chini, akasema Wangoni tunajua kupigana tu, kuzika hatujui. Lakini kesho yake alizipanda zile ngazi za studio.

Akasikiliza nyimbo zangu mbili, akauliza huyo mtakatifu ninayemwimba ni nani, maana yeye hakuwahi kukutana naye. Kisha akaisogelea maikrofoni, akavuta shingo, akakohoa kile kikohozi.

"Mama, weka sahani mbili. Mwanangu yuko njiani."

Nilicheka, maana ilikuwa sauti ya baba kabisa. Halafu kicheko kikanikauka. Kila Jumapili asubuhi baba alikuwa ananipigia simu kuniita tukale pamoja kwa mama huyu, na kila Jumapili nilimjibu niko njiani, nami niko kitandani nimejifunika shuka. Sikwenda hata mara moja.

Prodyuza akasema hapo tumepata dhahabu, turudie. Mshenzi yule. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni, nalia na kamasi juu, kilio kibaya ambacho huwezi kumuuzia mtu. Nilipopata sauti nikamuuliza yule mama, hizo sahani za pili baba alikuwa anazipeleka wapi.

"Alikuwa anazila mwenyewe zote mbili, mwanangu," alisema, safari hii kwa sauti yake. "Hakutaka watu waone kwamba hujaja."