Kiduara Kwenye Simu

Nimefanya kazi za ndani Riyadh, nikaja Jeddah, na miaka yote hiyo Kiarabu changu kilikuwa cha jikoni tu, cha chumvi na yalla, yaani haraka. Siku binti yangu alipolazwa hospitali kule Mombasa, mimba inamsumbua, nikataka ruhusa ya kwenda nyumbani. Kiarabu hicho hakikutosha.

Binti wa madam, tajiri wangu, alikuwa akitengeneza programu ya simu ya kutafsiri maneno. Akanisogezea simu karibu na mdomo, nikaeleza shida yangu. Madam akasikiliza, akaijibu simu maneno marefu, uso kama ameonja shubiri.

Simu ikanyamaza. Kiduara cha kungojea kikazunguka kwenye kioo chake, kikazunguka. Nikimtazama madam, anatazama kucha zake. Nikajua amekataa. Nikaificha mikono ndani ya aproni.

Mwisho simu ikasema, kwa sauti ya mtu aliyebanwa pua, "Nenda. Mjukuu akizaliwa na kutimiza siku arobaini, urudi."

Nikakaa sakafuni, nikalia.

"Mama, unalia nini?" binti wa madam akauliza kupitia simu. "Si amekubali?"

Nikaiambia simu, "Baba yako akiwa na njaa, mimi hunyamaza jikoni? Si huwa namwambia, 'Baba, wali tayari, samaki bado kidogo'? Ndiyo maana hagombi. Simu yako imenyamaza, haisemi hata 'bado kidogo', na mimi moyoni nimeshamzika mwanangu mara tatu."

Kiduara kikaanza kuzunguka. Sasa binti wa madam ndiye anayengoja, ananikodolea macho. Nikakunja uso kama mamake, nikatazama kucha zangu.